Mpira wa kusafisha damu: utando usioonekana unadumu hadi lini?

Kitengo cha kusafisha damu kikizinduliwa, kinachohesabiwa ni mashine. Mwaka 2015 Kenya ilianza mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, zikiwemo mashine za figo. Mwaka huohuo Tanzania ikaanzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Utepe unakatwa, picha zinapigwa, idadi inatangazwa.

Ambacho hakitangazwi ni mpira, yaani katheta, unaoingia kwenye mshipa wa shingo wa mgonjwa. Kiukweli, matibabu mengi hukwama hapo.

Damu haipendi plastiki. Ikigusa tu kitu kigeni, ndani ya sekunde chache protini zake zinaanza kunata juu yake. Zinafuata chembe sahani, kisha bonge. Mpira ukiziba, mashine iwe ya bei gani, inasimama. Mgonjwa anawekewa mpira mwingine, pengine kwenye mshipa mwingine, na mishipa mikubwa inayofaa kwa kazi hiyo haiko mingi mwilini. Wenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu wanalijua hili kuliko mtu yeyote.

Ndiyo maana baadhi ya viwanda hupaka vifaa hivi utando wa kuzuia damu kuganda. Dawa inayotumika zaidi ni heparini, iliyoanza kuonekana mwaka 1916 katika maabara ya Johns Hopkins, Marekani, kwa kazi ya mwanafunzi Jay McLean. Leo sehemu kubwa yake inatoka kwenye utumbo wa nguruwe.

Sasa, kuipaka si kazi ngumu. Ngumu ni kuifanya ikae.

Mwaka 1963 daktari Vincent Gott na wenzake walionyesha njia ya mapema. Walipaka grafiti, juu yake kemikali yenye chaji chanya, na heparini yenye chaji hasi ikanata hapo. Ilizuia damu kuganda, lakini chaji pekee haishiki sana. Damu ina chumvi, na chumvi hizo zinachukua nafasi ya heparini kidogo kidogo hadi utando unaoshwa wote.

Dawa ya hilo ingeonekana rahisi: igundishe kwa nguvu zaidi. Lakini ukiushika mnyororo wa heparini kila mahali, hautoki na pia haufanyi kazi. Heparini lazima ijongee ili ishikane na protini ya damu iitwayo antithrombini, ambayo ndiyo hasa inayozima ugandaji. Mwaka 1983 Olle Larm na wenzake nchini Sweden walieleza jinsi ya kuishika ncha moja tu. Sehemu iliyobaki inaelea, kama mwani ulioshika jiwe kwa mzizi huku majani yakicheza na maji. Mpaka leo baadhi ya mishipa bandia na vifaa vya upasuaji wa moyo vinatumia njia hiyo.

Hadithi haikuishia hapo, maana kifaa lazima kiuliwe vijidudu kabla ya kufungwa. Mvuke wa nyuzi 121 ungeharibu tando nyingi za aina hii, na mionzi inaweza kukata minyororo ya heparini. Viwanda vingi vinatumia gesi ya ethilini oksaidi, ambayo nayo inahitaji joto na unyevu, na inaweza kupunguza nguvu ya utando. Kwa hiyo kuna hati za ubunifu zilizosajiliwa Marekani zinazohusu jambo hili tu: kufunika heparini kwa kitu kingine, mfano polima za jamii ya sukari, ili ivuke hatua ya gesi ikiwa bado hai.

Hebu fikiria safari inayofuata: kontena bandarini, lori, bohari, stoo ya hospitali. Februari Dar es Salaam joto la mchana linapita nyuzi 30. Kwenye pakiti ya kifaa kuna alama ndogo ya kipimajoto yenye kikomo cha joto, na ya shisha ya mchanga yenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe hiyo ina maana pale tu kikomo cha joto kilipoheshimiwa njiani. Stoo isiyo na kipimajoto ukutani haiwezi kukuhakikishia hilo, hata kama tarehe bado haijafika.

Alama ya tatu ni namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara, maana yake usitumie mara ya pili. Katika nchi nyingi zenye kipato kidogo, kuosha na kurudia vifaa vya mara moja ni jambo linalojulikana, na anayefanya hivyo mara nyingi hana kingine mkononi. Ila unakuta watu wanawaza vijidudu peke yake. Dawa kali na mvuke vinaweza kuua vijidudu vyote na kuondoka na utando pia. Mpira unabaki msafi, unang'aa, na damu inaganda juu yake kama plastiki nyingine.

Tusiuchukulie utando kama miujiza, hata hivyo. Kwa katheta za figo zenye heparini, tafiti hazijakubaliana kama kweli zinaziba mara chache kuliko za kawaida. Hiyo ndiyo sababu ya kudai ushahidi kabla ya kulipa bei ya juu.

Na kuna watu ambao heparini, hata ya kwenye utando, ni hatari kwao: wale ambao mwili wao uliwahi kuipinga hadi chembe sahani zikashuka na damu ikaganda ovyo. Aliyewahi kupata tatizo hilo amwambie daktari kabla mpira haujawekwa. Mgonjwa Mwislamu naye ana haki ya kuambiwa dawa imetoka wapi. Wanazuoni wengi huruhusu penye dharura pasipo na mbadala, lakini kuruhusiwa na kufichwa ni vitu viwili.

Chanzo kina uzito kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2008 heparini iliyotengenezwa kwa malighafi kutoka China ilikutwa imechanganywa na kemikali inayofanana nayo, na Marekani iliripoti makumi ya vifo vilivyohusishwa nayo. Vifaa vilivyopakwa heparini navyo vikaingia kwenye uchunguzi.

Wanunuzi wetu wanaweza kuanza na karatasi za zabuni. Mzabuni akileta vipimo vya utando, aulizwe vilifanyika lini: siku ulipopakwa kiwandani, au baada ya gesi, baada ya kukaa ghalani kwenye joto hadi siku ya mwisho wa matumizi, na baada ya kupitishiwa damu kwa muda ambao mgonjwa atakaa nao?