Msiandike Juu ya Bendera ya Palestina

Bendera ya Palestina ina rangi nne tu: nyeusi, nyeupe na kijani katika milia mitatu ya mlalo, pamoja na pembetatu nyekundu upande wa mlingoti. Haina neno wala picha. Hata hivyo, katika maandamano, kwenye fulana na kwenye vibandiko vya magari, tunaiona ikiwa imechorwa Kuba ya Mwamba katikati, au imeandikwa shahada au takbiri. Wanaofanya hivyo wanadhani wameitukuza. Insha hii inadai kwamba wameipunguza, na kwamba kila anayeipenda Palestina kwa dhati, awe Mwislamu, Mkristo au asiye na dini, anapaswa kuwapinga.

Tuanze na asili yake. Bendera hii ilitokana na ile ya Maasi ya Waarabu ya mwaka 1916. Waasi wale walikuwa wengi wao Waislamu, na waliyempiga vita alikuwa Sultani wa Uthmaniya, aliyejiita khalifa wa Waislamu wote. Kama dini pekee ingekuwa ndiyo kigezo, wasingekuwa na sababu ya kutafuta bendera nyingine. Mwaka 1964 PLO iliichukua bendera hiyo. Tarehe 15 Novemba 1988, dola la Palestina lilipotangazwa mjini Algiers, ikawa bendera ya dola. Tarehe 30 Septemba 2015 ikapandishwa mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Katika safari yote hiyo haikuongezewa herufi hata moja.

Haikuwa bahati tu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wapalestina walianza kupinga sera ya Waingereza wakiwa ndani ya vyama vilivyojiita vya Waislamu na Wakristo. Katika maasi ya 1936 hadi 1939 zilionekana bendera zenye hilali na msalaba kwa pamoja. George Habash, aliyeanzisha chama cha PFLP mwaka 1967, alizaliwa katika familia ya Kikristo mjini Lydda. Yasser Arafat, ambaye alikuwa Mwislamu, alipenda kusema kwamba siku moja bendera itapepea juu ya minara ya misikiti na makanisa ya Yerusalemu. Hakutaja minara akasahau makanisa.

Sasa mtazame mwandishi wa habari Shireen Abu Akleh. Alikuwa Mpalestina Mkristo. Aliuawa kwa risasi mjini Jenin tarehe 11 Mei 2022 akiwa kazini. Siku mbili baadaye jeneza lake lilipitishwa Yerusalemu likiwa limefunikwa bendera, Waislamu na Wakristo wakilibeba pamoja, nao polisi wa Israeli wakawapiga wabebaji mpaka jeneza likakaribia kuanguka. Nawauliza wenye kalamu na rangi: mngemfunika kwa bendera ipi? Ile yenye shahada isingekuwa yake. Mama aliyekufa kwa ajili ya habari za watu wake angezikwa kama mgeni.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu matatu, nayo yanastahili kujibiwa.

La kwanza ni kwamba Al-Aqsa ndiyo moyo wa mapambano. Hata intifada iliyoanza baada ya Ariel Sharon kuingia katika eneo lile tarehe 28 Septemba 2000 ilipewa jina lake. Ni kweli, na eneo lile lilindwe. Lakini kulinda mahali patakatifu si sawa na kupageuza kuwa sharti la uraia. Kwanza, wengi wanaoichora ile kuba ya dhahabu wanaiita msikiti wa Al-Aqsa, ilhali Kuba ya Mwamba ni jengo jingine, lililojengwa na khalifa Abd al-Malik mwishoni mwa karne ya 7. Pili, umbali mfupi kwa miguu kutoka hapo lipo Kanisa la Kaburi Takatifu, ambalo funguo zake zimetunzwa kwa karne nyingi na familia za Kiislamu. Huo ndio Yerusalemu wa Wapalestina. Picha ya kuba moja haiwezi kuueleza.

Jibu la pili ni kwamba hata rangi zenyewe huhusishwa na dola za Kiislamu: Banu Abbas, Banu Umayya na nyinginezo. Sawa. Lakini rangi haimlazimishi mtu kukiri imani. Mkristo wa Bethlehemu anaweza kubeba nyeusi na kijani bila kutamka asichokiamini. Maneno hayampi nafasi hiyo.

La tatu ndilo husemwa kwa sauti kubwa zaidi: mbona bendera ya Israeli ina Nyota ya Daudi? Hapa wahenga wametutangulia: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ikiwa tunalalamika kwamba raia Mwarabu wa Israeli hajioni katika bendera ya nchi yake, hatuwezi kumshonea Mpalestina Mkristo bendera ya namna ileile.

Tuulize pia nani anafaidika. Katika nembo ya Hamas, Kuba ya Mwamba imezungukwa na bendera mbili za Palestina zilizoandikwa shahada. Yaani kitambaa cha taifa kimetiwa mhuri wa chama. Tangu Hamas na Fatah walipopigana Gaza mwaka 2007, Wapalestina wamejua gharama ya mhuri kama huo. Saddam Hussein naye aliandika takbiri kwenye bendera ya Iraki mwaka 1991, baada ya miaka mingi ya kutawala kwa chama kisichofuata siasa za dini. Maneno matukufu yakawa ngao ya mtawala. Na anayeikalia ardhi kwa nguvu hufurahi zaidi, kwani huiambia dunia kwamba huu si mgogoro wa ardhi na haki, ni ugomvi wa dini usio na suluhu.

Afrika Mashariki ilikwisha kulielewa jambo hili. Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 chini ya Nyerere, Mkatoliki asiyekosa misa. Hakuhitaji picha ya kuba ili ajue maana ya watu kunyang'anywa nchi.

Baada ya vita vya 1967 Israeli ilipiga marufuku bendera hii katika maeneo iliyoyakalia, hadi mwaka 1993. Leo watu hubeba picha ya tikitimaji badala yake, kwa sababu lina rangi zote nne. Hakuna anayeliuliza tikitimaji dini yake. Basi wanafunzi wenzangu, mtakapochapisha fulana na mabango ya mshikamano, chapisheni rangi nne na muishie hapo. Shahada ina mahali pake, nao Msikiti una watetezi wake. Bendera tuwaachie Wapalestina wote.