VITABU VYA PICHA NA NDEGE WAJENGAO VIOTA

Naomba nafasi kidogo nitoe maoni juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kuwafundisha watoto habari za ndege wajengao viota kwa vitabu vya picha.

Hapa kwetu Songwe ndege hawa si wageni. Mnana, yule wa manjano, husuka kiota kwa majani mabichi, maana makavu hukatika. Dume ndiye asukaye, kisha huning'inia chini ya kiota akipiga mabawa ili jike aje kukagua. Jike akikikataa, mwishowe dume hukifumua na kusuka kingine. Fundichuma hujenga jumba la vijiti maelfu na kukandika udongo ndani. Mbayuwayu hubeba matope tonge kwa tonge mpaka chini ya paa.

Lakini mtoto mwenye manati hujua nusu tu ya haya. Akitaka kuona ndani ya kiota hukiangusha, na mayai huvunjika. Hapo ndipo kitabu cha picha kifaapo, kwani humfungulia kiota bila kukibomoa. Wazo hili si jipya: mwaka 1658 Comenius alichapisha huko Ulaya kitabu cha kuwafundisha watoto kwa picha, na hapa Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991.

Pengine mtu atasema, "Mtoto wa shamba huwaona ndege kila siku, picha za nini?" Najibu kwamba kuona si kuangalia. Tena mtoto wa Tunduma mjini, aliyezoea malori yangojayo kuvuka kwenda Zambia, huenda hana hata mti wa kuutazama.

Mkulima wa mpunga wa Kamsamba naye atasema ndege ni adui. Ana haki. Kwelea kwelea ni jamaa ya mnana, naye husuka kiota, na kundi lake laweza kumaliza shamba. Kitabu kisimfiche mtoto jambo hilo, bali kimfundishe kumtambua kwelea, asije akawaadhibu ndege wote kwa kosa la mmoja.

Shauri langu ni hili. Sisi wa kidato cha nne tulio hodari wa kuchora tutengeneze kitabu kimoja kwa karatasi za manila, ndege wake wawe wa hapa hapa, na maneno yawe machache ya Kiswahili chepesi. Mwalimu wa Biolojia akisahihishe. Kisha tukipeleke shule ya msingi iliyo jirani kabla ya mtihani wetu wa mwisho. Watoto wakikisoma, waongozwe mpaka chini ya mti wenye viota, manati zikibaki darasani.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na maswali juu ya ndege, tafadhali msimfukuze. Mjibuni, au mtoke naye mkaangalie pamoja.