Usanifu wa Mandhari Uanzie Newala

Kila msimu wa maombi ya vyuo vikuu hunijia vijana waliomaliza kidato cha sita, wakiuliza iwapo usanifu wa mandhari ni taaluma ya kumlisha mtu. Wengi wameshaambiwa nyumbani kwamba ni kazi ya kupanda maua mbele ya hoteli. Mimi huwaomba waitazame ramani ya Mkoa wa Mtwara na kuilinganisha miji miwili, Newala na Masasi.

Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, pale wenyeji wanapopaita Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana mbali chini. Udongo wa kichanga wa uwanda huo hunywa mvua upesi, wala hakuna mto unaopita juu yake. Chemchemi ziko mabondeni, na kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na kupanda na vyombo vichwani. Mradi wa maji wa Makonde, uliobuniwa miaka ya 1950, ulianza kuyasukuma maji kwa pampu kutoka chini. Hata hivyo wenyeji hawakuitegemea pampu peke yake. Waliezeka bati, wakafunga michirizi, wakachimba uani mashimo na kuyasakafia kwa saruji ili mvua ya masika iwavushe kiangazi. Huo ni usanifu wa mandhari kamili, ingawa hakuna aliyeutunukia shahada.

Masasi ni kinyume chake. Mji huo hauko juu ya uwanda, bali magharibi yake, kwenye nchi ya chini iliyozungukwa na vilima vya mawe matupu; chini ya vilima hivyo ndipo wamisionari wa Kianglikana walipowaweka watumwa waliokombolewa mwaka 1876. Jiwe halinywi maji. Mvua ikipiga kilimani, maji huteremka kwa kasi na kutafuta njia yake ya asili, hata kama njia hiyo imeshapewa namba ya kiwanja.

Hapo ndipo ugomvi wangu na upangaji wetu ulipo. Miraba ileile ya viwanja huchorwa mchangani na chini ya miamba, na mkorosho wenye kivuli hukatwa ili barabara inyooke. Zamani tungewasingizia wageni: mpango wa Dar es Salaam wa 1968 na ule wa Dodoma wa 1976 yote iliandaliwa na kampuni moja ya Toronto. Leo Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imeziachia halmashauri kazi hiyo, na Chuo Kikuu Ardhi, chenye hadhi ya chuo kikuu kamili tangu mwaka huohuo, kinafundisha usanifu wa mandhari hapa hapa nchini.

Kinachokosekana ni kiti. Mpima ardhi na mhandisi wa barabara wanacho katika halmashauri. Msanifu wa mandhari huitwa, akiitwa, barabara ikishawekwa lami, achague miti ya pembeni. Angeitwa kabla ya mambo ya vipimo kuwekwa, angeonyesha korongo lipi liachwe wazi Masasi, na paa lipi la shule Newala lijaze tangi.

Watumishi wa halmashauri wanaosoma haya, wenye chumba cha kuwapa wanafunzi wachorao kwa majuma mawili mwezi Januari, mvua ikiwa inanyesha, na waniandikie.