Joto la Ekzosi Litafutiwe Njia

Gari linapozidiwa na joto, Wakenya husema limechemsha. Usemi huu unatokana na jambo tunaloliona kwa macho: maji yanayotokota ndani ya rejeta na mvuke unaofuka chini ya boneti. Hata hivyo, usemi ukishazoeleka huongoza fikira, na pengine huzipotosha. Kila tutajapo joto la injini, tunawaza maji. Liko joto jingine, la bomba la kutolea moshi ambalo mafundi wetu huliita ekzosi, nalo halichemshi kitu. Huunguza kimyakimya. Hili ndilo ningependa walimu na wanafunzi walitafakari, kwa kuwa vijana wengi siku hizi wanayapenda magari ya kasi, na wengi huyafungua na kuyageuza bila kujua wanachokigusa.

Tuanze na hesabu. Kwa kukadiria, theluthi moja tu ya nishati iliyomo katika petroli ndiyo inayoisukuma injini kufanya kazi. Theluthi nyingine huchukuliwa na maji ya rejeta, na iliyobaki hutoka pamoja na moshi. Katika gari lenye tabo, yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisindikia injini hewa, moshi huo waweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi injini inapolazimishwa kutoa nguvu zake zote. Sasa gari la michezo lina injini kubwa iliyobanwa katika nafasi finyu, chini ya boneti iliyoinamishwa ili upepo upite juu yake kwa urahisi. Bomba jekundu kwa moto hukaa karibu na nyaya, mipira, mafuta ya breki na paipu za petroli. Mpira hukauka na kupasuka, ganda la waya huyeyuka, na tone la oili likidondokea bomba hilo laweza kuzua moto.

Isitoshe, joto hilo huiba nguvu ambazo kijana amezigharimia. Hewa ikipashwa kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 57 kabla ya kuingia katika injini, hupungua uzito kwa takriban asilimia 9 katika ujazo uleule. Injini inayovuta hewa nyepesi huchoma petroli kidogo, na nguvu hupungua. Ndiyo sababu Subaru Impreza zenye tabo zina ule mdomo juu ya boneti. Wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kuingiza upepo kwenye kipoza hewa kilicho juu ya injini, ili hewa iliyopashwa na tabo ipoe kwanza. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya mwaka 1997 katika gari la aina hiyo, Wakenya walishangilia mwendo wake. Ni wachache waliouliza joto lote lile lilikuwa likienda wapi.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Chini ya boneti, dawa ya moto ni njia. Joto halifi, huhama tu. Wenzetu wa Tanzania, ambako watoto wa shule za msingi za serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, wamezipa njia zake tatu majina: mpitisho, myuko na mnunurisho. Mpitisho ni joto kupita ndani ya kitu chenyewe, kama mpini wa chuma wa sufuria. Myuko ni joto kubebwa na hewa au maji yanayosafiri. Mnunurisho ni joto kuruka kutoka kwenye kitu cha moto bila kuhitaji kibebeo, kama lile la jua.

Fundi anayejua tofauti hizi hawezi kubahatisha. Mnunurisho hukua kwa kasi ya kutisha. Bomba lenye nyuzi 600 hutoa zaidi ya mara 5 ya mnunurisho wa bomba lilelile likiwa na nyuzi 300, ingawa nyuzi zimeongezeka maradufu tu. Mwanafunzi na aikokotoe kwa vipimo vya Kelvin, kisha apandishe kwa kipeo cha nne. Kinga yake ni kitu king'aacho kinachourudisha ulikotoka. McLaren F1, gari la Uingereza lililozinduliwa mwaka 1992, lilitandikwa dhahabu nyembamba kiasi cha gramu 16 katika chumba cha injini yake, iliyo nyuma ya viti. Haikuwa majivuno ya matajiri. Dhahabu ni hodari wa kurudisha joto. Bati la alumini lililosuguliwa hufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, mradi liachiwe mwanya wa hewa kati yake na bomba. Likigusana nalo, mpitisho hulipasha moto, na kinga inageuka kuwa jiko.

Myuko nao unadai mlango wa kutokea. Wapo vijana wanaoinua nyuma ya boneti kwa washa ili joto litoke. Gari likisimama, hewa ya moto hupanda na kutoka kweli. Likienda kasi, upepo hujikusanya chini ya kioo cha mbele na waweza kurudi ndani kupitia mwanya uleule. Matundu hufaa zaidi yakiwekwa mahali ambapo upepo unavuta, aghalabu mbele zaidi juu ya boneti.

Kuhusu kulifunga bomba kwa utepe wa nyuzi za kioo, ni kweli kwamba joto hubaki ndani na moshi hutoka kwa wepesi. Lakini utepe hushika unyevu, na bomba la chuma cha kawaida huliwa na kutu chini yake bila mwenyewe kuona. Kila dawa ina madhara yake. Baya kuliko yote ni lile ninaloliona mara kwa mara katika gereji: bati la kinga lililowekwa na kiwanda hung'olewa kwa sababu linapiga kelele, likatupwa. Wanaolitupa si wajinga. Hawakupata kuelezwa kazi yake kwa lugha wanayoifikiria.

Hapo ndipo isimu inapoingia. Mwanafunzi wetu hukariri kwa Kiingereza njia tatu za joto, akapata alama zake, kisha akasimama mbele ya injini asizitambue. Fundi naye huzitambua kwa mikono lakini hana majina ya kumrithisha mwanagenzi wake. Kiswahili kingeweza kuwakutanisha. Tayari kina joto na halijoto, maneno mawili yanayotenganisha mambo ambayo wanafunzi huyachanganya: bati jembamba laweza kuwa na halijoto kubwa na bado likabeba joto dogo.

Kuna watakaosema kwamba magari ya michezo ni anasa, na kwamba shule zetu zina shida kubwa zaidi. Nakubali kuhusu anasa. Lakini matatu, lori na basi la shule yana ekzosi pia, na sheria za joto hazibagui. Kijana atajifunza kwa bidii kutokana na kile anachokipenda.

Kwa hivyo, mwalimu wa fizikia na awapeleke wanafunzi wake penye gari la shule, likiwa limezimwa na kupoa, waoneshane bati la kinga, mwanya wake na mahali hewa inapotokea. Mwalimu wa Kiswahili na aandamane naye, wanafunzi waandike insha kueleza walichokiona. Atakayeweza kuueleza mwanya ule kwa maneno yake mwenyewe hatalitupa bati lake kesho.