Wageni Hawa ni wa Nani?

Mezani petu ipo barua kutoka kwa kikundi cha vijana wasomi wa Dar es Salaam. Wameandika kwa adabu. Wanataka kufika Sumbawanga mwezi Machi, walale parokiani usiku mmoja, kisha wapelekwe, kwa maneno yao wenyewe, kwenye "vijiji vya kikabila vilivyojificha milimani". Wanatuomba tuwatafutie gari, mpishi, mtu wa kuwaongoza, kikundi cha ngoma, na "ikiwezekana mzee mmoja anayeyajua mambo ya uchawi". Wameambatisha bajeti. Mafuta yamo, maji ya chupa yamo, hata dawa ya kufukuza mbu imo. Katika kurasa zote mbili hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu wa kijiji ataulizwa neno lolote.

Hatuandiki haya ili kuwacheka. Barua za namna hiyo tumekwisha kuzipokea nyingi, za watalii wa ng'ambo, za wanafunzi, za wafadhili, za watu wa maofisini, na za mapadre wenzetu pia. Kwa miaka mingi sisi tulizijibu zote kwa neno moja: karibuni. Leo tunajiuliza ni nani aliyetupa mamlaka ya kulitamka neno hilo kwa niaba ya watu wengine.

Tuanze na safari yenyewe, maana hata hapo barua imekosea. Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilipowekwa lami, wengi hudhani kwamba Ufipa yote sasa iko kando ya lami. Sumbawanga iko juu, kiasi cha mita 1,800, kwenye nyanda zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Anayetaka kwenda Muze na vijiji vya bondeni hana budi kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa karibu mita 1,000, kutoka baridi ya blanketi mbili hadi joto la kulala mlango wazi. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na mwezi Machi mteremko ule huwa utelezi mtupu. Dereva asiyeuzoea asijaribu.

Matope, hata hivyo, ndiyo sababu ndogo. Mkoa wa Rukwa huhesabiwa miongoni mwa mikoa inayolisha Taifa kwa mahindi, na mgeni huamini kwamba chakula hapa hakikosekani. Mwezi Machi mahindi mapya yangali shambani na ghala la mwaka uliopita limekaribia sakafu. Mfipa hatakuambia hayo. Atakusalimu kwa salamu ndefu na makofi ya taratibu, atakuketisha, kisha mtoto atatumwa kumkimbiza kuku. Wageni kumi na wawili wakigawanywa katika nyumba sita ni kuku sita, na pengine ndio ulezi wa mwisho uliokuwa umewekwa kwa mbegu. Tumeyaona haya kwa macho yetu wakati wa ziara za vigangoni, na tunakiri kwamba mara nyingine tulikwisha kula ndipo tukatambua.

Kisha neno "kikabila". Vijana hawa wanatafuta kijiji ambacho ulimwengu haujakigusa. Sisi hatukijui. Vingi vya vijiji wanavyovisema vilipangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, kwa amri ya Serikali, na wazee wangali wanakumbuka mahame yao yalipo. Wamisionari wa Afrika walifika Karema mwaka 1885. Livingstone alipita pwani ya ziwa katika safari yake ya mwisho, mwaka 1872, na Joseph Thomson alipita Ufipa mwaka 1880. Huko bondeni Wafipa wanaishi na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, pamoja na watu wa makabila mengine, na hugombana kuhusu malisho na mashamba kama wanavyogombana majirani popote. Mtu akija kutafuta "kabila", atapita pembeni ya watu hawa wote bila kuwaona.

Na yapo mengi ya kuona! Yapo matuta yetu ya ntumba, ambayo mgeni mmoja alituuliza, kwa sauti ya huruma, kama ni makaburi. Ni mbolea: nyasi hufukiwa chini ya udongo zikaoza, maharage yakapandwa juu, na msimu unaofuata tuta likavunjwa na kupandwa ulezi au mahindi. Mababu walijua kurutubisha ardhi kabla ya mfuko wa kwanza wa mbolea ya dukani kuteremshwa kwenye lori. Yapo mabaki ya malungu, matanuru ya udongo yaliyofikia mita 3 kwenda juu, ambamo chuma kiliyeyushwa kwa upepo wa kujivuta wenyewe. Msomi wetu Bertram Mapunda aliyaandikia tasnifu mwaka 1995. Upo msitu wa Mbizi na mbega wake wekundu. Yapo maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Zambia, yenye kimo cha zaidi ya mita 200, na karibu nayo, upande wa Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na mikono ya watu miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Mwenye hamu ya kujifunza hatamaliza kwa wiki moja.

Barua, hata hivyo, haikuuliza habari za ntumba. Imeuliza habari za uchawi. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize kwa makini.

Jina la mji wetu wengi hulifasiri kuwa ni "tupa uchawi". Tafsiri hiyo, ambayo ingepaswa kuwa sifa, imegeuzwa kuwa mzaha wa nchi nzima. Mtumishi akihamishiwa Sumbawanga, wenzake humuaga kwa vicheko. Huko mjini ni mzaha. Kijijini si mzaha hata kidogo. Katika nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Katika mkoa wetu huu, mwaka 2013 na tena mwaka 2015, walikuwapo watoto wenye ualbino waliokatwa mikono kwa sababu ya imani za ushirikina. Anayeuliza kijijini "ni nani hapa anayejua uchawi?" anaomba jina la mtu. Na jina likishatajwa mbele ya wageni wenye kamera, halirudi tena mdomoni.

Miaka michache iliyopita tuliwapokea wageni wa namna hiyo, tukawapeleka katika kigango kimoja ambacho hatutakitaja. Bibi mmoja mjane, anayejua miti ya kutuliza homa na tumbo la watoto, aliwaonyesha mizizi yake kwa moyo mweupe, kwa kuwa aliwaona wamekuja pamoja na padri. Walimpiga picha za video. Baada ya wiki chache video ile ilikuwa katika simu za vijana wa tarafa nzima, na juu yake yameandikwa maneno ya kumwita mchawi. Wajukuu wake walizomewa shuleni. Jirani aliyefiwa na mtoto akaanza kuhesabu siku. Bibi akaacha kwenda kisimani asubuhi, akawa anakwenda jua likizama, na mwishowe mwanawe akaja kumchukua usiku. Tulipokwenda kumwomba radhi alituuliza jambo moja tu: "Padri, wale wageni walikuwa wako au wangu?"

Hatukuwa na jibu. Walikuwa wetu, lakini gharama aliilipa yeye.

Wafipa wana simulizi ya kale, nayo husimuliwa kwa namna nyingi, juu ya mfalme wa Milansi, chini ya mlima Itweelele. Alijua wageni wanakuja. Akamwonya mkewe asiwape kiti chake, kisha akaenda zake kuwinda. Wageni, wanawake kutoka mbali, walifika yeye hayupo, wakakikalia kiti, naye aliporudi alikuta nchi imekwisha kuwa yao. Akaachiwa Milansi na viunga vyake. Wazee wanapoisimulia hawawalaani wageni. Swali lao huwa ni nani aliyekitoa kiti wakati mwenyewe hayupo. Sisi tunalijua jibu kwa upande wetu: kiti cha yule bibi tulikitoa sisi.

Kwa hiyo tumewajibu vijana wale, na jibu letu tunaliweka hapa ili maparokia mengine yalipime. Tumewaambia kwamba tarehe haipangwi Dar es Salaam. Barua yao tumeipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na halmashauri yake, na tumewasihi wanakijiji waijadili katika mkutano mkuu, wanawake wakiwamo na kusema. Kijiji kikikataa, jibu ni hapana, wala sisi hatutazunguka kwa mlango wa katekista. Kikikubali, huenda kitataja Agosti, mavuno yakiwa ndani na njia ikiwa kavu. Wageni wataleta chakula chao au watakinunua kwa bei ya haki. Ada itakayokubaliwa italipwa kwa stakabadhi katika akaunti ya kijiji, isomwe pamoja na mapato na matumizi mengine; isiishie katika bahasha ya mtu, hata kama mtu huyo amevaa kanzu. Picha ya mtu itapigwa kwa idhini yake, naye aelezwe itakwenda wapi. Na kuhusu mzee wa uchawi, tumeandika kwamba hatumtafuti na hatutamruhusu yeyote amtafute.

Mwenzetu mmoja ametuonya kwamba kwa masharti haya wageni watatukimbia na kwenda kwingine. Huenda. Ametukumbusha pia kwamba kijiji kinahitaji fedha, na hapo anasema kweli: zahanati haina paa la kutosha, na wageni wa mwaka juzi walitoa mabati. Hatulipuuzi jambo hilo, na ndiyo maana tunataka wanakijiji wenyewe wapime mabati dhidi ya usumbufu, badala ya sisi kuwapimia.

Mkutano wa kijiji umepangwa mwisho wa mwezi huu. Vijana wa Dar es Salaam bado hawajatujibu.