Kosa Lisemalo na Kosa Linyamazalo

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili akitajiwa lahajedwali hudhani kwamba hayo ni mambo ya wahasibu na wanasayansi. Dhana hii ni potofu. Alama zake za majaribio na za mtihani hujumlishwa humo. Hesabu za chama chake hutunzwa humo. Na data ya utafiti wake wa nyanjani huishia mumo humo. Waama, kosa la fomula linamhusu.

Makosa haya ni ya aina mbili: yasemayo na yanyamazayo. Yasemayo hujitangaza kwa alama ya reli. #DIV/0! huarifu kwamba namba imegawanywa kwa sufuri au kwa seli tupu. #NAME? huarifu kwamba jina halikutambuliwa, mathalani SUM inapoandikwa SUMM. #REF! hutokea pale ambapo seli iliyotegemewa na fomula imefutwa, na dawa yake ni kutengua ufutaji huo mara moja. #VALUE! huashiria kuwa neno limekaa mahali pa tarakimu. Ama msururu wa #####, huo kwa kawaida si kosa la hesabu. Safu ni nyembamba tu na yafaa ipanuliwe.

Makosa haya huwatia wengi hofu, ilhali ni rafiki wa kweli. Baya zaidi, wapo wanaoyafunika kwa IFERROR ili seli ionyeshe sufuri au isionyeshe chochote. Jedwali hupendeza, ugonjwa ukabaki. Mficha maradhi, wahenga walinena, kifo humuumbua.

Hatari kubwa imo katika kosa linyamazalo. Chukua mwanafunzi aliyepata 20 katika majaribio na 52 katika mtihani. Jumla yake ni 72, na pale ambapo gredi A huanzia 70, anastahili A. Tuseme karani, badala ya sufuri, amechapa herufi O baada ya 2. Fomula =B2+C2 itapiga kelele: #VALUE!. Lakini fomula =SUM(B2:C2) itairuka seli hiyo kimyakimya, kwa kuwa SUM haijumlishi maneno, na itatoa 52. Mwanafunzi ataporomoka hadi C, na hakuna alama yoyote itakayomwonya mtu. Dalili pekee ni ndogo: seli isipopangwa vinginevyo, tarakimu huegemea kulia na maneno huegemea kushoto.

Wala si makarani pekee wanaoteleza. Mwaka 2010, wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, na wanasiasa wa Ulaya na Marekani wakayatumia kutetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013, Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliifungua lahajedwali yao. Fomula ya wastani ilikomea mstari wa 44 badala ya 49, hivyo nchi tano zikaachwa nje. Pamoja na dosari nyingine za mbinu ambazo yeye na walimu wake walizitaja, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni kubwa ulibadilika kutoka -0.1% hadi 2.2%. Wachumi hao walilikiri kosa la fomula. Laiti seli ile ingalipiga kelele, lisingalidumu miaka mitatu.

Fomula ni sentensi. Ina viambajengo vyake na upatanisho wake, na husomwa kipande kwa kipande: imeanzia seli gani, imekomea wapi, imeruka nini? Msomi wa fasihi asiyekubali dai lisilo na ithibati kutoka kwenye matini hana sababu ya kukubali jumla ambayo fomula yake haijasomwa.

Hivyo basi, idara zote hazina budi kuhakikisha kwamba fomula za alama zimekaguliwa na mtu wa pili kabla ya matokeo kubandikwa, na kwamba mwanafunzi anaonyeshwa alama za kila sehemu, si jumla peke yake. Naye mwanafunzi ajifunze kuzijumlisha mwenyewe kwa kalamu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.