Dhahabu bila zebaki? Kwanza tuambiane ardhi ni ya nani

Kila anayekuja Ikolomani, Kakamega, kuongea na wachimbaji wa dhahabu huja na mahubiri yale yale: acheni zebaki. Na ni kweli, hiyo kitu ni sumu. Mtu anaichanganya na mchanga kwa karai, mikono mitupu, halafu anaichoma na watoto wako hapo karibu wanavuta ule moshi. Siwezi kuitetea. Lakini semina ikiisha na soda zikishanywewa, Jumatatu watu wanarudi kwa karai ile ile. Mnadhani ni ujinga? Mimi sidhani.

Kuna watu waliowahi kufaulu bila zebaki. Wako Chocó, Kolombia, kwenye msitu wa mvua upande wa Pasifiki, mahali mvua hunyesha karibu kila siku. Wakazi wengi ni watu weusi, vizazi vya Waafrika walioletwa na Wahispania kama watumwa kuchimba dhahabu hiyo hiyo. Yaani mababu walichimbia wengine, wajukuu wakaamua kujichimbia.

Karibu mwaka 2000, jamii za Tadó na Condoto zilianza mradi wa Oro Verde, maana yake dhahabu ya kijani. Familia zilichimba kwa mkono na kuosha mchanga kwa batea, sahani pana ya mbao. Badala ya zebaki waliponda majani ya msituni, maji yake yakatoa povu, na povu hilo likasaidia kutenga chembe za dhahabu na ule mchanga mweusi mzito. Ni ujuzi wa nyanya zao, haukuletwa na mradi wowote. Udongo wa juu uliwekwa kando na kurudishwa. Matope hayakuachwa kuchafua mto. Mahali palipochimbwa palitakiwa kurudia hali yake ndani ya miaka 3. Dhahabu yao ikawa kati ya za kwanza kupata vyeti vya Fairtrade na Fairmined.

Watu wakisimulia hii stori wanapenda sana yale majani. Naelewa, hata mimi ndiyo ningeyarekodi kwanza. Lakini angalia kilichotangulia. Mwaka 1993 Kolombia ilipitisha Sheria namba 70, ikawapa watu weusi wa Pasifiki hati za ardhi za pamoja, zikisimamiwa na mabaraza yao wenyewe. Madini bado ni ya serikali, kama tu hapa kwetu, lakini ndani ya ardhi yao jamii hizo zina haki ya kupewa nafasi ya kwanza kuyachimba. Majani yalikuwa na nguvu kwa sababu shamba lilikuwa na mwenyewe.

Sisemi Chocó ni mbinguni. Makatapila yaliingia, na watu wenye bunduki nyuma yake. Mto Atrato ulichafuliwa mpaka mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikautangaza kuwa na haki zake wenyewe, na watu wa jamii za pale wakawa kati ya walinzi wake. Hati haizuii bunduki. Inakupa tu mahali pa kusimama ukienda kortini, na hiyo si kitu kidogo.

Sasa rudi Kakamega. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo, na inasema asilimia 10 ya mrabaha iende kwa jamii. Sawa. Lakini huo ni mgao wa kile ambacho mwingine ameshachimba, na hata ukilipwa wote, mtu wa Ikolomani anangoja tu aitwe kupokea. Kupewa nafasi ya kwanza ni kitu kingine kabisa.

Hebu jiweke kwa viatu vya dada anayeponda mawe pale. Hajui kama mwezi ujao leseni ya eneo hilo itakuwa ya mtu mwingine na yeye aambiwe atoke. Zebaki inampa pesa ya leo jioni. Kurudisha udongo ni kazi ya miaka 3. Miaka 3 kwa shamba la nani?

Kwa hiyo ukija na semina nyingine, karibu sana. Ila beba na wakili.